Mgongo wa Abdulrahim wa Mkwiro

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Abdulrahim Swabir wa Mkwiro. Alizikwa Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Abdulrahim alizaliwa katika ukoo wa mamwinyi. Babu yake alipopita, watu walivua viatu. Lakini umwinyi huo ulibaki jina tu. Nyumba yao ya mawe ilibomoka chumba baada ya chumba, na mwinyi wetu akawa anapara samaki katika hoteli moja Diani, huku nyumbani wakiambiwa kwamba yeye ni msimamizi.

Kisha mkewe, Bi Twaiba, akaota uvimbe tumboni. Daktari alisema apasuliwe upesi, na fedha hawakuwa nazo. Wiki hiyohiyo Waitaliano walikuja Diani kupiga filamu ya kuchekesha, ya enzi za kale. Katika filamu hiyo, mwinyi wa kwao amefilisika, anakuja pwani yetu kujifanya tajiri. Walitafuta mzee wa kuigiza mtumishi. Kazi yake ni kuinama majini, mwinyi amkanyage mgongoni akishuka mashuani, wateleze, waanguke wote wawili.

Abdulrahim aliikubali kazi hiyo, ila aliomba amshike yule mwinyi mkono tu. Mwongozaji alikataa, kwani kichekesho chenyewe kilikuwa ni ule mgongo. Basi akainama. Aliinama mara kumi na moja, wasikilizaji, mpaka picha ikapatikana. Bi Twaiba akapasuliwa, akapona.

Filamu ilipoonyeshwa Ukunda, ukumbi mzima ulicheka. Dada mkubwa wa Abdulrahim, Bi Yusra, alikuwemo. Aliinuka akatoka, Abdulrahim akamfuata. Pale nje alimwambia, "Umemlaza babu chini akanyagwe. Usinijie tena."

Abdulrahim hakujitetea. Bi Twaiba anasimulia: "Nilimsihi amweleze dada yake kwamba alifanya kwa ajili yangu. Akaniambia, 'Nikimweleza, atakuchukia wewe.'"

Kwa miaka minne, kila Ijumaa, alikwenda kwa dada yake. Alibisha hodi. "Shikamoo, dada. Ni mimi." Hakuitikiwa. Alikaa barazani kidogo, akarudi nyumbani. Mwaka huu kifua kilimbana, na wanawe walimkataza kutoka. Alikwenda vivyo hivyo, akishikilia kuta. Ijumaa iliyopita alianguka njiani akirudi. Hakuinuka tena.

Siku ya maziko Bi Yusra alikuja. Bi Twaiba alimweleza yote, uvimbe na upasuaji.

"Kila Ijumaa nilisimama nyuma ya mlango," alisema Bi Yusra, "mkono wangu juu ya komeo. Nilingoja aniombe radhi."

Bi Twaiba akamjibu, "Hakuwa na kosa, wifi yangu."

Tunampa mkono wa pole Bi Twaiba, na wanawe Hafsa na Amin. Tunampa pole Bi Yusra pia. Mola amrehemu Abdulrahim. Nawe unayetusikiliza, kama yuko mtu uliyemnyima itikio la salamu, mwendee leo hii, maadamu angali anakusikia.