Historia ya Marehemu Isabela Bartholomayo, Mama Walter, Aliyeishinda Kompyuta kwa Ramani ya Zamani

Padri wetu, wazee wetu, wafiwa wenzangu, na ninyi mliotoka Makote tangu alfajiri na mizigo yenu kichwani, shikamooni nyote mnaostahili shikamoo. Mimi ni Isaka, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, na nisameheni mapema nikipandisha sauti, kwani maisha ya dada yangu hayasomeki kwa kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1940 hapa Lulindi, mtoto wa tatu wa marehemu Bartholomayo, fundi seremala wa misheni, na mama yetu Maria, ambaye kwa neema ya Mungu yupo, amekaa pale mkekani. Alianza shule hapahapa mwaka 1948, akamaliza darasa la nane mwaka 1955, akabaki kusaidia kufundisha watoto wadogo, na nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 alichora ramani ya Tanganyika kwa mkaa kwenye ukuta mweupe wa darasa, na mto Ruvuma na vijito vyake vyote, watoto wakampigia makofi, mwalimu mkuu akamkaripia, kisha mwalimu mkuu huyohuyo akakaa chini na kumwandikia barua ya kumwombea kazi ofisi ya ardhi Masasi.

Aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1962 kama karani, akapelekwa Dar es Salaam kusomea uchoraji wa ramani, na mwaka 1967 akahamishiwa Newala. Tarehe 28 Desemba 1963 alifunga ndoa katika kanisa hili na Mwalimu Cyril Majaliwa wa Mkunya, shemeji yangu, mtu mpole ambaye mpaka leo husema mkewe aliyajua mapori ya Makote kuliko jiko lake mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Walter mwaka 1965 na Emilia mwaka 1968.

Kazi yake ilikuwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani na kusema hapa ni shamba, hapa ni pori, hapa ni makazi, halafu kwenda kwa miguu kuhakikisha, maana hakuziamini picha peke yake. Wakati wa vita vya ndugu zetu wa Msumbiji, ndege za Wareno zilipopita bondeni kwa Ruvuma, alirukia handaki na kamba yake ya kupimia mkononi, na alipotoka amejaa vumbi, jambo la kwanza aliloliuliza ni nani ameiona penseli yake. Jamani, huyo ndiye dada yangu!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1972 alifika mtaalamu kijana kutoka Dar es Salaam, Bwana Rogath, naye tunaye hapa leo, kuja kueleza habari za mashine iitwayo kompyuta, iliyojaza chumba kizima, ambayo ililishwa ramani ya mwaka 1966 ikatabiri ardhi yetu itakuwaje mwaka 1978, na baada ya hapo mwaka 1990. Ikakubaliwa kwamba utabiri wa 1978 ukifaulu mtihani, ule wa 1990 ndio utakaofuatwa, nao ulisema mikorosho ya Makote, ambayo baadaye, mwaka 1974, watu waliiacha walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, itakuwa imekufa na kugeuka pori, kwa hiyo ifyekwe yote, ipandwe miti ya mbao. Mikorosho ya watu, iliyopandwa kwa jasho, ifyekwe kwa sababu mashine imesema!

Mama Walter ndiye aliyepewa kazi ya kusahihisha. Akapaka rangi nyekundu mawe mia moja, akayapanga kila upande kuanzia Mkunya hadi Makote, na kuanzia Mei hadi Julai 1978 akapita jiwe baada ya jiwe kuandika kilichopo. Tarehe 17 Agosti, ukumbini Newala, matokeo yakasomwa, mashine imepata mawe themanini na nane kati ya mia, makofi yakapigwa, mkuu mmoja, jina lake nalihifadhi, akasimama kutangaza kwamba kazi ya kufyeka ianze.

Ndipo dada yangu aliponyoosha mkono. Akabandika ukutani ramani ileile ya zamani ya 1966, amebadilisha tarehe tu kuwa 1978, akawaomba waisahihishe kwa mawe yaleyale, na weee, ikapata tisini! Ramani isiyotabiri kitu chochote imeishinda mashine! Akawaeleza taratibu kwamba mahali pengi ardhi haibadiliki, hivyo hata anayekaa kimya hupata alama nyingi, kinachopaswa kuulizwa ni yale mawe kumi tu ya mahali palipobadilika kweli, na katika hayo kumi mashine ilijua mawili, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba watu hukimbia mabomu, au huhamishwa kijiji kizima kwa msimu mmoja.

Mkuu alifoka kwamba amemwaibisha mgeni na kazi ataiacha, lakini dada ramani hakuibandua. Bwana Rogath ndiye aliyemwokoa, aliomba tu apelekwe Makote, wakaenda, na huko bibi mmoja, Mwanakombo, akawaingiza kwenye hilo lililoitwa pori, akagusa mkorosho mmoja mmoja akitaja mtoto aliyezaliwa siku ulipopandwa, akiwaambia kwamba kila msimu wanarudi kuokota. Bwana Rogath alihesabu arobaini, akafunga daftari. Mikorosho haikufyekwa, dada hakufukuzwa, na ofisini kwa Bwana Rogath hadi leo kila utabiri mpya hushindanishwa kwanza na ramani ya zamani isiyobadilishwa, wanayoiita ramani ya Mama Walter.

Tangu siku hiyo alikuwa na hamu moja, kuufikia mwaka 1990 akayapitie tena mawe ya Makote, ausahihishe utabiri wa pili kwa mkono wake. Moyo ulianza kumsumbua Februari 1988, akalazwa mara tatu, kila mara akimuuliza Walter kama mikorosho imetoa maua, na Alhamisi tarehe 12 Oktoba 1989, saa tatu asubuhi, alitutoka, zikiwa zimebaki siku themanini na moja tu. Imeniuma sana, siwafichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Newala na Lulindi, wafanyakazi wenzake, na Bwana Rogath aliyesafiri siku mbili kuja. Na ninyi wa Makote, nilipowaona asubuhi mkiitua mizigo mbele ya jeneza, nikauliza ni nini, Mwanakombo akafungua wa kwanza, korosho mpya za msimu huu, kutoka kwenye mikorosho ileile iliyoambiwa itakufa.

Dada, utabiri umeshasahihishwa, mashine imekosa. Lala sasa kwa amani, mawe yako tutayapitia sisi.