Siku Mia Nne Kumi na Mbili Bila Kuzima

Wapendwa waombolezaji, haya ni maisha ya Telesphori Bujiku, na mjane wake, Coletha, ameagiza yasomwe yote, hata yanayochoma.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 hapa Ushirombo, mtoto wa mkulima wa pamba, akasoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi 1965, akajifunza ufundi umeme Mwanza, na tarehe 7 Septemba 1974 akafunga ndoa na Coletha, wakajaliwa Salvina na Damian, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa baba anayelala nyumbani kwake.

Machi 1986 kampuni ya utafiti wa dhahabu ilimwajiri kule Segese atunze kompyuta yao, na mwanzoni mwa Desemba aliizima, ikagoma kuwaka siku tatu, vipimo vya mawe vya mwezi mzima vikapotea. Ilipowaka tena tarehe 5 Desemba aliapa haizimwi tena, akaiunganishia betri za lori za kuishikilia isizimike wakati jenereta linajazwa dizeli, akahamishia godoro ofisini, na kila asubuhi akachora mstari ukutani. Salvina alipopokea Komunyo ya Kwanza, tarehe 7 Juni 1987, baba yake alikuwa kwenye mstari wa mia moja themanini na tano, akatuma salamu tu, na Coletha hajamsamehe, wala hatamsamehe leo eti kwa sababu tu kuna jeneza.

Januari 1988 alishikwa na homa kali, daktari akatuma gari mara mbili kumpeleka hospitali, akakataa kupanda, na mwenzake Makoye alipomsihi amfundishe kubadilisha zile betri ili aende kutibiwa, alimfukuza. Alifariki tarehe 20, saa nne asubuhi, juu ya godoro hilo.

Wafanyakazi wenzake waliomba mashine iachwe ikinguruma hadi mazishi, kwa heshima yake. Coletha aliingia ofisini na kanga yake ya msiba, akaizima kwa mkono wake, akangoja kidogo, akaiwasha, ikawaka papo hapo, Makoye akapekua na hakukosa kipimo hata kimoja.

Familia inamshukuru daktari, majirani waliopika na kulala nasi, na Makoye aliyeubeba mwili toka Segese.

Ungepanda lile gari, Telesphori. Haya, pumzika.