Kiti cha Karibu na Moto

Mkabala na geti la hospitali, pale ukuta unapopinda, pana benchi la mbao lililopoteza mguu mmoja likapewa tofali. Ubavuni mwa benchi pana jiko la makaa na birika juu yake, na nyuma ya jiko anakaa mtu ambaye watu wamekwisha sahau jina alilopewa na wazazi wake, wanamwita Birika. Huyu hajui kubembeleza mteja. Kahawa yake ikiwa ya jana atakuambia ni ya jana, na ukinuna atakuambia nenda ukanunie kwenu. Asubuhi hiyo alikuwa anamimina kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulifungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Wateja wake wa kudumu walikuwa wamefika: Wakili, ambaye ni fundi viatu na mahakamani hajawahi kufika hata kwa kosa, Dokta, aliyefagia wodi ya magonjwa ya ngozi mpaka akastaafu, na sasa anatibu kwa mdomo, na Redio, mlinzi wa geti, ambaye akiwa zamu husikiliza na akitoka zamu hutangaza. Mtu wa nne hakuwepo. Kiti chake kilikuwepo, cha plastiki, cheupe, kimesogezwa karibu kabisa na jiko, na hakuna aliyekikalia.

— Kiondoe hicho kiti, alisema Wakili. Kinanitazama.

— Kiondoe mwenyewe, alisema Birika. Wewe una mikono miwili.

Wakili hakuinuka.

Mwenye kiti alikuwa mgonjwa wa wodi ya ngozi. Siku aliyovuka barabara kuja kijiweni mara ya kwanza, ngozi ilikuwa inampukutika mabegani kama vumbi la seremala aliyetoka kupiga randa. Akaketi, akajikung'uta, akasema: “Niiteni Magamba. Niiteni mapema, kabla hamjaniita mgongo ukishageuka.” Wakacheka, na tangu hapo akawa wao. Ugonjwa ulikuwa umemwenea kuanzia shingoni hadi nyayo, na ngozi iliyokwanyuka namna ile haishiki joto. Mtu yule alitetemeka juani. Daktari alikuwa amemwandikia dawa mbili za kupaka. Moja ya tyubu ndogo, kali, kidogo tu, kwenye mabaka mazito. Ya pili mafuta mazito ya kopo, mwili mzima, tena na tena, ngozi isikauke. Akishajipaka anakuja kijiweni anang'aa, gauni la wodi limelowa mafuta na kumganda mgongoni, meno yanagongana. Na Birika, ambaye hajapata kumsogezea mtu chochote, alikuwa anamsogezea kiti.

Jana cheche iliruka. Ilitua kwenye mkono wa gauni. Magamba aliipangusa huku anacheka, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa anawaka mpaka kwenye kola. Walimpiga kwa koti, kwa mikono, kwa gunia. Alipozimika walimbeba wenyewe kuvuka barabara.

— Mimi nasema ni ile tyubu, alianza Dokta. Ile dawa ni kali, bwana. Inapimwa kwa ncha ya kidole. Ukizidisha, ngozi inakuwa nyembamba. Magamba alikuwa anajisiliba kama anapiga lipu ukuta. Ngozi ikawa karatasi ya sigara, na karatasi ya sigara tunajua kazi yake.

— Ngozi nyembamba inachanika, haiwaki, alisema Wakili. Mimi nimeshika ngozi maisha yangu yote.

— Ya ng'ombe.

— Ngozi ni ngozi.

— Basi nenda wodini ukawapige soli wagonjwa.

— Wangepona upesi kuliko kwa midomo yako. Sikiliza. Dawa zilikuwa mbili, si ndiyo? Na manesi wanasema ukipaka ya kwanza usubiri, ndipo upake ya pili. Kwa nini usubiri? Kwa sababu hazipatani. Ukizikutanisha mapema zinagombana. Vitu viwili vikigombana juu ya mwili wa mtu, joto linatoka wapi? Hapo hapo.

— Unasubiri ili moja isiisukume nyingine pembeni, alisema Dokta. Hakuna ugomvi.

— Ulimsikia nani akisema?

— Nilikuwa nafagia chini ya vitanda, daktari yuko juu. Nimesoma miaka mingi kuliko yeye.

— Umesoma viatu vyake.

Birika aliwamiminia. Kwa kawaida angeshawatukana. Lakini leo kulikuwa na jambo aliloliona alipowasha jiko.

Ilikuwa hivi. Alifika mapema, akakikuta kiti kina utelezi, kwenye egemeo na kwenye mikono yake, mafuta ya Magamba. Akachukua tambara, akakipangusa mpaka kikakauka. Kisha, kwa mazoea, akalisokomeza lile tambara chini ya makaa kuwashia moto. Makaa yake ni ya kiburi. Hayashiki mpaka yapepewe na kusemwa vibaya. Leo hayakusubiri. Tambara lilishika kwa pumzi moja, mwali ukapanda ukamlamba nyusi, na haukunuka petroli wala mafuta ya taa. Haukunuka chochote. Birika alibaki amechuchumaa, kiberiti mkononi, akikitazama kiti.

— Na mimi niwaambie la ukweli, alisema Wakili, akishusha sauti. Kitanda cha jirani. Magamba alikuwa anaanza kupona, mabaka ya tumbo yamelainika, alituonyesha hapa hapa. Jirani yake yuko palepale. Mtu amelala anajikuna, anamwona mwenzake anavuka barabara kwenda kunywa kahawa. Wewe ungefurahi?

— Kwa hiyo jirani alimwasha kwa macho, alisema Dokta.

— Kuna macho na macho.

— Tatizo lenu hamjui mwili. Ule ugonjwa ni moto wa damu. Unatoka ndani, unatafuta njia kwenye ngozi. Ndiyo maana mtu anawashwa. Sasa wewe ukishaziba vinyweleo vyote kwa mafuta, ule moto utokee wapi? Ulijikusanya. Cheche ilikuja kubisha hodi tu.

— Wapo watu wanaowaka wenyewe, Wakili aliunga mkono, amesahau kwamba wanabishana. Nilisimuliwa. Mtu alilala mzima, asubuhi ikakutwa soksi.

— Soksi gani?

— Ya kushoto.

— Na mguu?

— Mguu haukutajwa.

Siku nyingine benchi lingeyumba kwa kicheko hata tofali likachomoka. Dokta alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Birika akahisi hasira inampanda kutoka miguuni, na hakuwa na hakika ni ya nani.

— Nani alipepea jiko jana? aliuliza.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Maana yake nini?

— Maana yake ni nani alishika kipepeo.

— Nilishika mimi. Alikuwa anatetemeka. Mlimwona wote anatetemeka. Nikasema ngoja nimkolezee ndugu yangu. Wewe mbona uliweka kiti pale? Mimi nimeleta upepo, kiti kimeletwa na nani?

— Mimi, alisema Birika.

— Haya. Na huyu hapa alikuwa anamwambia nini kila siku? Ongeza, Magamba, paka mpaka ung'ae, usiwe bahili wa dawa.

— Ndivyo daktari alivyosema, alijibu Dokta. Aseme nani, mimi? Nilimsikia daktari akiyasema kwa wagonjwa wote, kitanda hadi kitanda. Paka kwa wingi, paka kuelekea vinywele vinakolala. Haya mengine sikuyasikia. Hakuyasema.

— Na mgonjwa mwenye gauni la wodi haruhusiwi kutoka getini, Wakili aliendelea, sasa hakuna wa kumzuia. Redio, haruhusiwi au anaruhusiwa?

Redio hakujibu. Ndipo walipotambua kwamba tangu wakae hajasema neno. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Redio, aliita Dokta. Umeishiwa betri?

— Mkewe Magamba ametoka, alisema Redio.

— Nani, shemeji? Ametoka wapi?

— Kule kwa walioungua moto. Amepita getini kabla sijakabidhi zamu. Nikamwambia shemeji, pole, mgonjwa ameamkaje. Akanitazama kama mtu anayenitafuta kichwani mwake hanipati. Amebeba mfuko wa nailoni. Mfuko ule unaonyesha ndani.

— Ndani mna nini?

— Ndala za Magamba.

Gari lilipita.

— Labda anakwenda kuziosha, alisema Wakili.

Hakuna aliyemcheka. Dokta alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu amekisahau humo, akaivaa tena. Birika aliinama kwenye jiko, akaanza kupanga makaa yaliyokuwa yamekwisha pangwa. Alikuwa amejiapiza atawaambia habari za tambara wakishakaa wote. Kusema ukweli kwake halijapata kuwa jambo la kuazima ujasiri. Lakini ukweli huu ulikuwa na majina manne ndani, na la kwanza lilikuwa lake.

— Jamani, alisema. Yale mafuta.

— Mafuta gani?

— Shikamooni.

Sauti ilitoka upande wa barabara. Wote waligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa gauni la wodi na kujitanda shuka ya hospitali mabegani, ile yenye mhuri pindoni. Shingo yake na mikono yake iling'aa. Shuka ilikuwa na madoa yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa chakula cha kukaanga. Kwapani amebana kopo dogo jeupe, na meno yake yalikuwa yanagongana.

— Marahaba, dada, alisema Dokta, kwa sababu mtu mmoja ilibidi aitikie.

— Samahanini. Yule kaka wa upande wa wanaume, anayejiita Magamba, alitusimulia kuna kijiwe cha kahawa huku nje, na kuna kiti cha joto. Alitusifia mno mpaka tukamwonea gere. Wametuambia amehamishwa wodi. Getini yupo kijana mgeni, nimemwomba, akaniachia. Mwanamke alikitazama kiti, kisha akamtazama Birika. Kaka, hapa pana mtu?

Wakili, aliyewahi kubishana na mvua, alitazama kipepeo kilicholala juu ya tofali.

— Basi kama hayupo nitakaa kidogo tu, alisema yule mwanamke. Akirudi nitampisha.

Alipiga hatua moja kuja jikoni.

Birika aliinuka ghafla mpaka stuli yake ikaanguka. Kwa mkono wa kushoto aliikamata birika, imejaa, kahawa ya kuuza kutwa nzima, akaibinua juu ya makaa. Mvuke ulipaa, majivu yakaruka, Redio akarudi nyuma akikohoa. Birika hakuiweka chini mpaka tone la mwisho lilipotoka.

— Yote? alisema Wakili kwa sauti ndogo.

— Dada, simama hapo hapo, alisema Birika. Usije. Hayo mafuta uliyopaka yanashika moto.

— Haya? Alilitoa kopo kwapani. Haya ya hospitali?

— Hayo. Yakishaingia kwenye nguo, nguo inakuwa utambi. Gauni hilo, shuka hiyo, na ya kitandani pia. Dawa ni nzuri, usiache kuipaka. Moto ndio uuache. Usikae karibu na jiko, usisimame na mvuta sigara, mtu asikuwashie kiberiti karibu. Ukiona baridi, omba blanketi, lipigie kelele mpaka lipatikane. Na rudi sasa hivi ukawaambie wenzako wote, mmoja mmoja.

Mwanamke aligeuza kopo mkononi. Lilikuwa jeupe tupu, limejazwa kutoka kwenye ndoo kubwa ya wodini, kama yote aliyowahi kuyaona Dokta enzi za ufagio wake.

— Daktari ameniandikia nipake mwili mzima, alisema. Amenieleza vizuri, sitamsingizia. Kiasi gani, kuelekea wapi, ya tyubu isiguse uso. Habari ya moto hakunitajia. Nesi naye hakunitajia.

— Hawakutaja, alisema Birika.

— Sasa kama daktari hakutaja, na nesi hakutaja…

Alinyamaza. Macho yake yalikwenda kwenye bandeji ya Birika, yakapanda mpaka kwenye kiwiko, yakashuka. Yakaenda kwenye kiti cheupe, na safari hii yaliona kwamba mguu wake mmoja wa mbele umeyeyuka kidogo na kukauka umepinda. Yakaenda kwa Redio, kwa Dokta, kwa Wakili, bila haraka, kama mtu anayesoma.

— Nyinyi mmejuaje?

Redio aligeuzia uso wake geti. Dokta alishusha kofia. Wakili aliokota kiatu kilichokuwa kinangoja soli, akakishika kwa mikono miwili, kisigino juu. Birika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipewe tofali, hakikutoka kitu.

Chini yake makaa yalitoa sauti nyembamba, kisha yakanyamaza nayo.