Ubao Unaungua Palepale

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa karakana ya Fundi seremala, na msumeno wake ukiunguruma ndani, sisi wa nje tunatetemeka makalio. Mimi ndiye mwenye birika. Miaka yote nawamiminia kahawa watu walewale: Hakimu, ambaye maisha yake yote alikuwa tarishi wa mahakama na hajahukumu hata kuku, Volti, fundi redio, ambaye kwake kila ugonjwa wa dunia hii umeletwa na umeme, na Kinyozi, anayeweza kumwacha mteja na povu kidevuni akisikia ubishi umeanza. Asubuhi hiyo povu lilimkaukia mtu kweli, maana Fundi alikuwa ameunguza ubao wa nne.

Niwaeleze kidogo. Mke wa Fundi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alitutoka miezi saba nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama ng'ambo ya msumeno kupokea mbao, miaka thelathini na miwili. Alipoondoka, Fundi hakuwasha tena msumeno, halafu siku moja tukasikia nyundo. Kumbe anaunga kimeza cha kuteleza ubavuni mwa msumeno: reli mbili za geti bovu, beringi nane, na bapa la chuma juu. Ubao unalazwa pale, unasukuma kimeza, ubao unakwenda wenyewe kwenye meno. Mtu wa kupokea hahitajiki tena. Kazi safi, nani asiseme. Ila kila ubao unatoka na doa jeusi la kuungua. Zahanati iliyoagiza milango imeshairudisha mara moja. Ikirudi tena, mwanawe ameapa: mashine inauzwa, na baba anakwenda kukaa kwake huko mbali, akaangalie ukuta.

— Meno butu, Hakimu akasema. Kesi imekwisha. Bibi, niongezee.

— Imekwisha wapi? Kinyozi akamdaka. Jana kayanoa mbele ya macho yangu. Meno yale ningemnyolea mtu.

— Wewe hata kwa wembe mpya unatuacha na vidonda.

— Ni umeme, Volti akasema taratibu, kama daktari anayeficha habari mbaya. Umeme wa mtaa huu unapumua. Ukifika mahali unavuta pumzi, mota inachoka, ubao unaungua.

— Unavuta pumzi kwa kila ubao, palepale? Kinyozi akauliza.

— Umeme una mazoea yake.

— Na redio yangu uliitia mazoea gani, mwaka wa pili huu inashika stesheni moja?

— Hiyo stesheni imekupenda, kaka. Mimi nitafanyaje?

Tukacheka. Ndani msumeno ukaanza, na mimi nikaacha kucheka. Wenzangu hawausikilizi, wanapandisha sauti tu juu yake. Mimi nausikia. Unaimba kwa sauti nyembamba ukiingia kwenye mbao, unaimba, halafu unazama, mmm, kama mtu aliyeshikwa na neno kooni. Kisha unaendelea mpaka mwisho. Baada ya hapo inakuja harufu ya kuungua.

— Wa tano huo, Kinyozi akasema. Jamani, mimi nimewaza. Zile reli ni za geti, sivyo? Na geti lile mlinzi wake alikuwa mvivu. Miaka yote alilifungua nusu tu, mtu apite kwa ubavu. Sasa reli zimekariri. Zikifika nusu zinasimama. Chuma kina kumbukumbu, ohoo!

— Chuma! Hakimu akaweka kikombe chini kwa hasira. Kosa ni la mti. Ule mti ulipigwa na radi ukiwa mchanga. Moto uko ndani unasubiri meno.

— Mbao tano, miti mbalimbali.

— Basi waliambiana.

— Hakimu, miti iliambiana?

— Wewe ulikuwepo msituni? Una ushahidi kwamba haikuambiana?

Volti alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kisha akanigeukia.

— Bibi, mbona leo kimya?

— Namimina, nikamwambia.

Hapo mlango wa karakana ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo, ovaroli imejaa vumbi la mbao, vipande vya ubao kwapani. Hatukuwa tumemwona akiingia.

— Shikamoo, mama. Hamjambo, akina baba.

— Marahaba, mwanangu, nikamjibu. Kaa. Kahawa iko chini kabisa birikani, lakini ipo.

Akakaa. Akasema na yeye ni seremala, mtaa wa pili, na mtoto wa Fundi amemtuma aikague mashine, ili ikiuzwa ainunue yeye.

— Umekuja wakati mzuri, Hakimu akasema. Sisi hapa tumeshapata chanzo. Viko vinne.

— Mashine ni nzima, yule mwanamke akasema. Nimeipima kwa skwea, imenyooka. Reli hazikwami. Meno makali. Umeme hauna neno.

Volti akaangalia pembeni kama aliyetukaniwa mama yake.

Mgeni akavipanga vipande vyake juu ya benchi, kirefu, kifupi, kingine kirefu, ncha zimelingana. Madoa meusi yakakaa mstari mmoja. Akaweka kiwiko kwenye ncha, na vidole vyake vikafika kwenye madoa.

— Mkono mmoja kutoka mwanzo, ubao uwe mrefu, uwe mfupi. Mashine mbovu haiwi na adabu hivi. Ni yeye mwenyewe. Nimemtazama. Anasukuma vizuri, akifika hapa mikono inasimama, meno yanasaga mahali pamoja, panaungua. Halafu kama anayeshtuka, anaendelea. Nimemuuliza, akasema hasimami. Mgeni akatuangalia mmoja mmoja. Nyinyi ni majirani zake. Anasubiri nini pale?

Hakimu akatazama ndani ya kikombe chake kitupu. Volti akaanza kusokota waya wa mfukoni. Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja, akainuka, akakaa tena. Sijui kama walikuwa wamesahau au hawakutaka kuwa wa kwanza kukumbuka. Tangu tulipoanua turubai la msiba, hakuna mmoja wetu aliyekanyaga mle ndani. Tulikuwa hapa, hatua sita, tukibishana.

Mimi najua anachosubiri. Mwaka wao wa kwanza Fundi alisukuma haraka, ubao ukaruka, ukamvunja mkewe kidole gumba. Aliapa siku ile, mkono wa mkewe ukiwa bado kwenye bandeji: sisukumi mpaka useme. Basi tangu hapo, ncha ya ubao ikimfikia mikononi, mwanamke yule aliita, kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Nimeshika!" Ndipo Fundi alipomalizia. Nimeisikia nikichambua mchele, nikimlisha mjukuu, nikimuuguza mume wangu. Siku nyingine ilikuwa ndiyo sauti pekee ya mtu niliyoisikia tangu asubuhi hadi jioni. Na mahali pake pa kusimama palikuwa mkono mmoja kutoka kwenye meno.

Nilitaka kumweleza mgeni. Na ndani msumeno ukaanza tena.

Unaimba. Unaimba. Sijui nilisimama saa ngapi. Najua birika lilikuwa bado mkononi. Sauti ikaanza kuzama.

— Nimeshika! nikaita.

Sauti yangu imechakaa, ilitoka kama ya kuku aliyebanwa mlangoni. Hakuna aliyecheka. Msumeno ukazimwa, tukasikia mkanda ukipungua mbio. Fundi akatokea mlangoni, nyusi nyeupe kwa vumbi. Akatutazama wote.

— Nani?

— Ni mimi, baba, nikasema. Unisamehe.

Akaliangalia birika langu. Nikadhani atarudi ndani afunge mlango, asitufungulie tena.

— Umechelewa, akasema. Yeye alikuwa anaita mapema, ubao ukimgusa tu vidole.

— Kutoka huku nje sioni, baba.

— Si uingie.

Akageuka. Mlango akauacha wazi.

Mgeni akakusanya vipande vyake polepole, akauliza kama kahawa imebaki. Nikalipindua birika: tone moja, na mashapo. Nikaliweka juu ya benchi, nikawaacha nalo, nikaingia.

Mahali pa marehemu, ng'ambo ya msumeno, palikuwa hapajafagiwa. Sakafuni, katikati ya vumbi la miezi saba, palionekana alama za viatu vya Fundi kila upande, isipokuwa pale. Sikupakanyaga. Nikasimama kando kidogo, nikanyoosha mikono, nikangoja ubao.