Mama Stela na Korongo la Shimoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliyeko jikoni apunguze moto, aliyeko dukani pale Gongoni aongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Eustadia Nijimbere, Mama Stela, mkazi wa Urambo. Mama Stela alifariki Jumamosi iliyopita nyumbani kwa binti yake, hapa Isevya. Alikula chakula cha mchana, akaomba kujinyoosha kidogo, akalala moja kwa moja. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Mama Stela alikulia Ulyankulu, kwa wazazi waliotoka Burundi. Mama yake mzazi alikulia kando ya Ziwa Tanganyika, na kwake ilikuwa aibu kuwa na mtoto anayeogopa maji. Akamfundisha kuogelea bwawani, wenzake wakichota maji na kuondoka. Majirani walisema atageuka kambale. Hakugeuka! Alikua, akaolewa Urambo na Renatus, mrina asali, mtu anayepanda mti kwa kamba utadhani anapanda kitandani kwake. Lakini maji? Mzee Renatus, hadi siku ile, maji yake yalikuwa ya ndoo.

Siku ile ni siku ya Lugembe, wasikilizaji. Lugembe ni rafiki wa Renatus na mrina asali mwenzake. Miaka michache iliyopita, mvua za kwanza, Lugembe aliteleza karibu na kambi ya asali, akatumbukia kwenye korongo la mto ambalo warina wenyewe wanaliita Shimoni. Akavunjika mguu. Bundala, kijana wao wa kazi pale kambini, alimsikia akiita kutoka chini, kwenye kipande cha mchanga, na mto unajaa. Ikifika jioni, mchanga ule hauonekani tena. Bundala akawasha pikipiki, mbio hadi kwa Renatus.

Hapo pana jambo. Kambi ya asali ni ya wanaume. Mwanamke hakanyagi; wazee wanasema nyuki watahama. Mama Stela aliujua mwiko huo, na miaka yote aliuheshimu. Siku ile akapanda pikipiki nyuma ya mumewe, mshikaki wa watu watatu. Walipofika ukingoni, Bundala akamzuia.

"Mama Stela, naomba ubaki hapa."

"Haya, mwanangu. Kati yenu wawili, nani anajua kuogelea?"

Bundala akatazama miti. Mama akajifunga kanga kibwebwe.

Bundala akatumwa kuita watu wasubiri kule korongo linakoishia. Renatus akafunga kamba kwenye mti upande wa juu wa mto, maana pale juu ya Lugembe ukingo ulikuwa unamomonyoka kwa mvua, wakashuka, madumu matupu mgongoni, na kamba ya pili begani. Sasa, haraka haraka haina baraka. Kila mrina ana kamba za kupandia na kamba ya kushushia asali, na hazichanganywi. Renatus, kwa haraka, begani alibeba ile ya asali. Ilikuwa inanukia! Walipofika kwenye mwamba wa katikati, juu ya dimbwi refu, nyuki wa kwenye nyufa wakaisikia harufu, wakawatokea.

Mama Stela akajitupa majini. Renatus akabaki mwambani, anaumwa na nyuki. Anasimulia mwenyewe: "Nyuki nilikuwa nawaogopa kidogo, maji sana. Mke wangu akapaza sauti, 'Baba Stela, ruka! Mimi sitakukosa.' Nikafumba macho, nikaruka."

Akamdaka ukosi. Akamvuta dimbwi la kwanza, akamvuta la pili, mzee anakohoa na kumeza mto. Walipofika penye maporomoko, kamba ya asali, sasa imeoshwa vizuri, ikafungwa kwenye jiwe, na hapo Renatus akatangulia. Kwenye kamba alikuwa kwao.

Lugembe alikuwa amekaa mchangani, maji yako kiunoni. Akamwona Mama Stela anakuja akiogelea. Neno lake la kwanza ni hili: "Shemeji, wanawake hawaji huku."

"Basi nirudi?"

"Hapana, shemeji. Ukishafika umefika."

Wakamfunga madumu kwapani. Mama Stela akamsukuma taratibu, Renatus nyuma aking'ang'ania dumu lake kama mtoto, hadi korongo likafunguka na watu wa Bundala wakawapokea. Lugembe akapona.

Na nyuki je? Hawakuhama. Msimu ule asali ilijaa kuliko kawaida. Wazee wakakaa kikao kirefu, wakanung'unika, mwisho wakakubali yaishe. Leo akina mama wana mizinga yao kule kambini. Stela anasema: "Mama hakujisifu kwa Lugembe. Alijisifu kwamba alimfundisha baba kuogelea uzeeni."

Tunatoa pole kwa Mzee Renatus, kwa Stela na ndugu zake, na kwa jamaa wote wa Ulyankulu na Urambo. Mungu amlaze mahali pema. Ameishi vizuri, na tumefurahi kuwa naye.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tumemfungia njia, na siku tukizama tutamwita nani? Makaburini juzi, Lugembe alisimama na fimbo yake, akaombwa aseme machache. Alisema hivi: "Mimi nilikuwa wa kwanza kuutetea ule mwiko. Ungefuatwa siku ile, leo nisingekuwa na miguu ya kuja kumzika."