Mtoto Yupo?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii, wakuu wa idara, ndugu wahakiki wa ruzuku ya watoto, walezi wenzangu, na zaidi ya wote wewe unayestaafu leo, ambaye mtaa mzima tunakuita Bwana Yupo: hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya familia zinazopokea ruzuku. Nilisita, maana mimi sijui kumvika mtu kilemba cha ukoka.

Jina hilo alijipatia mwenyewe milangoni petu. Wengine wakipiga hodi huuliza habari za nyumbani. Yeye ni hodi, na papo hapo, "Mtoto yupo?" Chai hanywi, kiti hakalii, isije ikasemwa amehongwa kikombe. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, hata maji?" Akanijibu, "Mama, maji nitakunywa nikistaafu." Haya, leo meza imejaa soda. Kunywa, baba!

Lakini ndugu zangu, nina majuto. Utaratibu wa uhakiki unataka mtoto aonekane nyumbani kwa macho, na unataka pia awe anasoma, na wahakiki wenyewe hupita asubuhi. Sasa niambieni, mtoto anayesoma, asubuhi atakuwa wapi? Mwaka ule wa kwanza wa ruzuku, mjukuu wangu, aliyeachwa na marehemu binti yangu, alikuwa darasani. Ikaandikwa hayupo. Ruzuku ikakatwa, nami nikazungushwa njoo kesho, njoo kesho, hadi viatu vikaisha soli.

Bwana Yupo ndiye aliyenihurumia. Alirudi jioni, kwa muda wake mwenyewe, akamkuta mtoto anafua sare. Akasema, "Kumbe yupo!" Ruzuku ikarudi. Tangu hapo mtaani kwetu akawa anapita jioni, watoto wakiwa wametoka shule, na kwa hilo alikaripiwa. Mheshimiwa, uliyemkaripia ni wewe. Nisamehe, uzee umeniondolea breki.

Sasa anaondoka. Mhakiki mpya, bwana huyu mtanashati aliyeketi mbele, alitutumia ujumbe kwamba atapita leo asubuhi, na mtoto asiyeonekana ataondolewa kwenye orodha. Nami niliyewahi kukatwa nikaingiwa na hofu. Nikamwambia mjukuu wangu avue sare abaki nyumbani, na leo darasa lao lina mtihani wa hesabu, somo analolipenda kuliko chakula. Alinitazama, akaniuliza, "Bibi, na mwalimu akiuliza kama nipo?"

Nikamwacha ameketi mlangoni, nikaja huku. Inaniuma hadi sasa ninavyosimama hapa.

Kisha nafika ukumbini, namkuta mhakiki mpya ameketi! Nilidhani mmegawana, wengine sherehe, wengine mitaani. Kumbe mko wote. Mheshimiwa Mkurugenzi, nakuuliza kwa heshima zote: huko mitaani anapita nani? Ni watoto wangapi wameketi milangoni saa hizi, wakimngoja mtu anayekunywa soda hapa? Waache hawa waliobaki wapite jioni, kama alivyopita mwenzao. Hiyo ndiyo zawadi ya kumuaga.

Bwana Yupo, asante kwa zile jioni zako, na Mungu akupe mapumziko mema. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia. Chakula kuleni tu, mimi mnipishe njia niwahi nyumbani nikamvalishe mjukuu wangu sare. Huenda mtihani haujaisha.