Mwanachama Hana Simu

Kijiwe cha Mlabani kina benchi moja, dele moja la kahawa na jarida moja la wanyamapori. Jarida ni la mzee Melkiori, mwanachama wa Marafiki wa Sheshe, yule swala wa bondeni. Mzee walimzika masika yaliyopita, ila jarida halikupata taarifa ya msiba. Kila miezi mitatu linatua sandukuni posta, Mama Domitila muuza kahawa analifuata, na Remigius anawasomea wote kwa sauti. Shule ilimshinda darasa la tano huyu bwana. Kusoma alifundishwa hapohapo benchini na marehemu, kidole chini ya neno. Sasa anajiita Profesa. Asubuhi hiyo jarida lilikuja na barua ndani: hili ndilo la mwisho la karatasi, mengine yatasomwa kwenye simu, mtu wetu atapita kuchukua namba.

— Hawatuwezi! Remigius aliipiga barua kofi. Eti kuokoa miti. Miti gani? Mitiki imejaa mpaka Mahenge, hata nyani wameichoka!

— Mtego huo, Profesa, akasema Evarist fundi baiskeli, wanayemwita Spoku. Kwenye karatasi, tembo akihesabiwa kahesabiwa. Kwenye simu wanamfuta tu, kesho unaambiwa hajawahi kuwepo.

— Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa, akasema Remigius. Simu yangu ilitumbukia mto Lumemo, ikazama palepale. Kwa hiyo haijaundwa ile!

— Mie nahisi barua wameandika tembo wenyewe, akasema Spoku. Wamechoka kupigwa picha wakila mpunga wa watu.

— Nyie nanyi! Mama Domitila akacheka. Remi, si ujaribu tu hiyo ya simu?

— Nimejaribu, mama, kwenye simu ya Spoku. Nikiweka kidole chini ya neno, ukurasa unakimbia. Simu haina adabu.

Hapo hakuna aliyecheka.

Pikipiki ikasimama. Akashuka dada mwenye daftari.

— Shikamoo mama. Habari zenu, kaka zangu. Naitwa Eveline, natoka Marafiki wa Sheshe. Namtafuta mzee Melkiori. Nipeni namba yake tu, niwahi Kidatu.

Spoku akainamia tairi lisilo na pancha. Mama Domitila akamimina kahawa mpaka kikombe kikafurika. Kusema mzee kafa ni kulizika na jarida. Remigius akasimama, kifua mbele kama jogoo wa jirani.

— Hana simu.

— Basi nampigia kwa namba ipi?

— Hakuna.

— Sasa atasomaje?

Remigius akafungua toleo la zamani, lile lililoliwa kona na panya. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, hadi chini kabisa ya ukurasa. Hakuruka hata nukta. Alipomaliza, Eveline alikuwa ameshakaa benchini, kalamu bado ina kifuniko.

— Hivyo, dada. Anasoma hivyo. Andika: hana simu, leteni karatasi.